Dada Yangu Asiyekanyaga Udongo

Wiki iliyopita mliniacha nimeshika ngazi ya dungu, kibanda cha juu cha kufukuzia ndege, mguu mmoja juu na mmoja chini, nikimtazama msichana aliyekuwa anamsuka mwanangu.

Kwa msomaji mgeni nitasema kwa kifupi, maana sina tabia ya kuzunguka. Mimi ni Rukaiya, bibi shamba. Nina diploma ya kilimo, na kazi yangu ni kupita vijiji vya Mtunda kuwaambia watu waache kubananisha ufuta. Mwanangu ni Muzdalifa, wa kidato cha tatu. Wenzake shuleni walimrekodi akilia nyuma ya darasa, wakaiwekea video ile muziki na kuitupa kwenye grupu. Aliacha kula. Nikamwambia video haimuui mtu, azime simu asome. Shule zilipofungwa nikampeleka Mbwera kwa mama yangu akaamie mpunga. Nilidhani akishinda anafukuza ndege, mawazo nayo yatamkimbia.

Huko akapata rafiki. Akanitumia picha. Yule rafiki alikuwa Mwanaheri, dada yangu wa tumbo moja, aliyepotea kwenye kijito cha shamba lilelile mimi nikiwa sijamaliza hata shule ya msingi. Alipotea akiwa na miaka kumi na sita. Kwenye picha alikuwa bado na kumi na sita.

Haya. Nikamaliza kupanda ngazi.

Dungu la mama limejengwa juu ya nguzo za mikoko kama madungu yote, ili maji yakijaa yapite chini na nguruwe wakija wasikukute. Mwanaheri alikuwa amekaa kwenye mkeka, kavaa gauni lenye mabega yaliyofutuka, mtindo ambao mara ya mwisho niliuona kwenye picha za harusi za watu waliokwisha kuwa mababu. Kisigino chake kilikuwa na jeraha alilokatwa na chaza. Nililikumbuka jeraha lile. Lilikuwa bado jekundu.

Alinitazama toka kwenye mtandio mpaka kwenye viatu.

"Wewe Rukaiya," akasema. "Ndiyo umezeeka hivyo?"

Nikavuta mtandio mbele.

"Na shikamoo iko wapi? Au mimi si dada yako tena?"

Wazee wa vijiji vyangu huniamkia mimi kwa sababu ya ofisi. Nikasimama mbele ya binti wa umri wa mwanangu, mvi zangu zikichungulia kwenye mtandio, nikasema shikamoo. Akaitika marahaba kwa maringo yote, halafu akaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichonikalisha chini. Sijamwona mtu mwingine anayecheka kama kuku anayefukuzwa.

Muzdalifa hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya kunionya kwamba mamkubwa hashuki chini, na nisije nikamwambia ashuke. Kumsikia mwanangu akimwita mamkubwa msichana waliyelingana naye kimo kulinitia baridi.

Ndipo Mwanaheri akanisimulia. Siku aliyopotea, wavuvi walituambia sisi nyumbani kwamba walimwona amepanda punda mweupe. Walisema punda kwa sababu Mbwera hakuna aliyewahi kuona farasi. Yule mnyama alikuja juu ya maji ya kijito kama anayetembea kwenye mkeka. Juu yake palikuwa na kijana mweupe, nywele nyekundu kama kutu ya bati, aliyemwuliza kama amechoka kufukuza ndege. Alikuwa amechoka. Akapanda.

Alikokwenda hakuna anayezeeka wala kuugua. Kuna matofaa ya rangi ya dhahabu ambayo ukichuma moja mti hautambui, na ngoma isiyovunjika, na mbwa weupe wenye masikio mekundu wanaolala miguuni mwa watu. Watu wenyewe wametoka kila pwani. Kwa hesabu yake alikaa kama mtu anavyokaa arusini, siku chache tu, kisha akamkumbuka mama na kuomba farasi. Walimpa kwa sharti moja. Asiguse udongo. Akiugusa, miaka yote aliyoikwepa itamwangukia kwa mara moja.

Muzdalifa alikwisha kulitafuta jambo hilo kwenye simu, pale juu ambapo mtandao hushika ukinyoosha mkono nje ya makuti. Akanionyesha. Waayalandi, watu wa kisiwa kimoja cha mvua na baridi huko Ulaya, wana kisa cha kale cha namna hiyohiyo: nchi ya ujana ng'ambo ya bahari, farasi mweupe anayekanyaga mawimbi, na kijana aliyerudi kuwatafuta ndugu zake. Alianguka kutoka juu ya farasi, akagusa ardhi, akawa kikongwe palepale.

"Hicho ni kisa cha Wazungu," nikamwambia. "Kimefuata nini Mbwera?"

"Kwani bahari si moja, mama?"

Chuoni somo hilo hatukufundishwa.

Nilishuka nikatembea mpaka mahali simu inaposhika, nikampigia baba yake, Ashrafu, ambaye alikuwa Ikwiriri na lori la tajiri wake. Nikamweleza yote. Akaniuliza kama nimepima malaria. Nikakata simu. Ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo.

Niliporudi juu, Mwanaheri alikuwa na maswali yake. Aliuliza kama pantoni ya Ndundu bado inakwama watu wakalala ng'ambo. Nikamwambia siku hizi kuna daraja, watu wanapita wamesinzia kwenye basi. Akamtazama Muzdalifa ahakikishe kama namtania. Nilianza kumzoea. Nilianza hata kufurahi, nisiwafiche.

Kisha nikaliona begi la shule la Muzdalifa. Lilikuwa limefungwa, limesimamishwa karibu na ngazi, na juu yake simu imezimwa. Mtoto ambaye nilimsihi mwezi mzima azime simu, kaizima mwenyewe.

Nikauliza begi la nini.

Muzdalifa akatazama mpunga. Mwanaheri ndiye aliyejibu, tena kwa wepesi, kama anayesema wanakwenda dukani. Maji ya bamvua yatafika kilele kesho alasiri. Farasi atakuja mpaka chini ya dungu. Wataondoka wote wawili.

"Mwanao atakuja kukusalimia," akaongeza.

"Lini?"

"Akikukumbuka."

"Ulipomkumbuka mama wewe, huku imepita miaka mingapi?"

Hesabu ile hakuwa ameifanya. Mimi niliifanya papo hapo, maana ndiyo kazi yangu. Yeye alikaa siku chache, mimi nikaota mvi. Muzdalifa akinogewa akakaa hata wiki mbili, atarudi kuniulizia kwa watu wasiojua kaburi langu liko wapi.

Nikamwambia mwanangu achukue begi, tunaondoka sasa hivi. Akasema haendi. Hakupaza sauti. Alisema kule darasani kila akiingia mtu mmoja anaupiga ule muziki kwenye simu, na wengine wanaigiza kulia. Alisema alinieleza na mimi nikamwambia asome.

"Ninakompeleka hakuna wa kumcheka," akasema Mwanaheri. "Wewe ulimwambia nini? Azime simu."

Ningemkokota. Nina nguvu hizo. Lakini Muzdalifa ni mwepesi, na kijito kile anakijua kuliko mimi sasa. Ningemtoa leo, kesho angerudi. Kamba ya kumfunga haikuwa mkononi mwangu, ilikuwa kwa dada yangu. Basi nikaamua nianze na dada yangu.

Mwanaheri alikuja kwa ajili ya mama. Na mama alikuwa hajamwona. Miguu yake haimfikishi tena shambani, na Mwanaheri hawezi kutembea kwenda kijijini. Muzdalifa alikuwa hajamwambia bibi yake neno, akiogopa asije akaanguka moyo ukasimama. Nikaona njia. Nitamleta mama. Mwanaheri akishamwona, ama moyo utamlainika aniachie mtoto, ama atakaa juu ya dungu tuone la kufanya. Ulikuwa mpango mzuri. Mipango yangu yote huwa mizuri.

Asubuhi nilisafisha lile dungu kama wodi ya wazazi. Nilimwaga maji kwenye ngazi, kipandio baada ya kipandio. Nilisugua fito za sakafu. Nilikung'uta mikeka kijitoni. Chungu na mtungi wa mama nikavishusha, maana vyote ni udongo, nikaweka sufuria na ndoo ya plastiki. Kuni nilizipangusa moja moja. Mchele niliuchambua mara mbili usije ukawa na mchanga. Muzdalifa alinitazama na kidogo uso ukamkunjuka, akaniletea kitambaa kingine.

Kisha nikasukuma mtumbwi mpaka kijijini.

Mama yangu, Bi Sabra, alikuwa kibarazani anapepeta. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia polepole. Nilipokaa tu maneno yakanitoka: Mwanaheri amerudi.

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

"Mbona umechelewa kuniambia?" akasema. "Nipe mtandio."

Kumbukeni, huyu ndiye mwanamke aliyekataa Mwanaheri asisomewe hitma. Ndugu walimsihi, shehe alimsihi. Alisema hasomei dua ya maiti mtu aliye hai.

Mtumbwini nilimwosha miguu mpaka katikati ya vidole. Alinishangaa lakini akaniachia. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Nilimpandisha ngazi kwa kumsukuma kiunoni, na alipofika juu akasimama, akashika uso wa Mwanaheri kwa viganja viwili. Hakulia hata chozi.

"Umekula?" akamwuliza.

Aliyelia ni Mwanaheri. Alilia kama mtoto, na ndiyo kwanza nikakumbuka kwamba ni mtoto.

Walikaa wameshikana. Mama alitaka kujua huko analala wapi, nani anamfulia, kama watu wake wana adabu. Aliposikia habari za mbwa akavuta pua. Akauliza wanasali wapi. Mwanaheri akasema kule hakuna adhana. Jua halizami wala halichomozi, hakuna ajuaye sasa ni adhuhuri au alasiri. Mama alitikisa kichwa kwa muda mrefu, lakini mkono wa binti yake hakuuachia.

Halafu akasema, "Basi nipikie wali, mwanangu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Binti aliyetoka mbali hajarudi mpaka ampikie mama yake. Kabla ya hapo ni mgeni, hata kama kakaa nyumbani. Mimi mwenyewe nilipotoka chuo na cheti changu mkononi, mama hakukitazama mpaka nilipoinjika sufuria.

Mwanaheri alifurahi. Alijifunga kanga ya mama kiunoni, akachuchumaa jikoni. Muzdalifa akawa anapepea moto kwa kipepeo. Moshi ulipanda kwenye makuti, maji yakaanza kuimba, na mama akawa anamwelekeza binti yake chumvi kama vile hakuwahi kupotea. Nilisimama nikiwatazama wote watatu, nikajiambia, Rukaiya, umeweza.

Kuni moja ilitoka nje. Mwanaheri akainama kuisukuma, na ili asianguke akaegemea mkono wa kushoto kwenye fito, kidole cha mwisho kikagusa ukingo wa jiko.

Sakafu ya dungu ni fito. Huwezi kuwasha moto juu ya fito. Kwa hiyo watu wetu hutandika udongo wa mfinyanzi mnene, wanausiliba, unakauka unakuwa kama jiwe, na juu yake ndiyo mafiga hukaa. Ukishaingia masizi, hakuna anayeukumbuka kama ni udongo. Hakuna anayeuita udongo. Tunauita jiko. Nimesoma udongo chuoni, nimefundisha udongo, nimepima udongo wa wilaya nzima. Asubuhi ile nilifagia kulizunguka jiko lile pande zote nne, na nikalipangusa jivu likapendeza.

Mwanaheri aliuvuta mkono kama aliyeungua. Hakupiga kelele. Akauinua tukauona.

Aliwahi kuuvuta kabla miaka haijapanda mkononi, lakini kidole cha mwisho kilikuwa si chake. Ngozi ilikuwa imekunjamana, kifundo kimevimba, ukucha umekuwa mnene na mistari. Hakikuwa kidole cha kutisha. Kilikuwa kidole kama changu.

Maji yakafoka kwenye sufuria, hakuna aliyegeuka.

"Umefanya makusudi," Muzdalifa akaniambia.

Nilimwapia. Akasema nimeosha ngazi, nimeosha mikeka, nimetoa hata mtungi, nikaacha hapo tu, kisha nikaleta bibi aombe wali. Niliposikia yalivyopangika kinywani mwake, hata mimi ningejihukumu. Mwanaheri alirudi nyuma mpaka kona ya dungu, mkono kaukumbatia kifuani, ananitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemwuma mara moja.

Mama ndiye aliyemwendea. Alikishika kile kidole, akakibusu.

"Hakina ubaya," akasema. "Ndivyo vidole vya watu. Shuka, mama, tukae. Utazeeka na sisi."

"Nizeeke na nini?" Mwanaheri akamwuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Mume sikuolewa. Mtoto sikuzaa. Shamba silijui. Mnataka mnitwishe miaka thelathini na ushei na ndani yake hamna kitu? Rukaiya yake kaitumia. Mimi yangu mtanipa mitupu."

Mama akakiachia kile kidole.

Mwanaheri akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

Maji yalikuwa yamekwisha kufika chini ya dungu wakati sisi tukibishana, yamefunika matuta, yamefunika na vipandio vya chini vya ngazi. Yule mnyama akaja kutoka upande wa bahari, kwenye kijito, bila kurusha hata tone. Sijui niseme nini. Alikuwa mweupe, na kwato zake zilikuwa juu ya maji. Nimeona mengi ofisini na vijijini, sijaona kitu kilichonifanya nione aibu ya kusimama mbele yake na viatu vya plastiki. Akasogea mpaka mgongo wake ukawa sawa na sakafu, akatulia kama boti iliyofika gatini.

Mwanaheri akahamia mgongoni kwa hatua moja.

Muzdalifa akachukua begi. Nikamshika mkono. Akanitazama, akasema nimwachie, mimi mwenyewe ndiye niliyemleta huku. Mkono ukaniteleza kwa jasho. Akarukia nyuma ya mamkubwa wake, akamkumbatia kiunoni.

Niliruka chini. Maji yakanifika kiunoni. Sikuwa na wazo lolote zaidi ya kumzuia farasi kwa mbele, na farasi hakuwa na hatamu wala kamba. Lakini miguu yangu ilikuwa imezama kwenye tope, na tope lile likanipa wazo. Nikainama, nikachota konzi.

Nakiri hapa, mbele ya wasomaji wote. Nilikusudia kumtupia dada yangu miaka thelathini na ushei usoni. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono.

"Rukaiya," akasema Mwanaheri. Hata hakukwepa. "Ukinirushia hilo, nitaanguka, sawa. Lakini farasi anaijua njia. Atakwenda na aliyebaki mgongoni. Mwanao atafika kule peke yake, hajui mtu."

Nilimtazama Muzdalifa. Alikuwa amefumba macho, kidevu kwenye bega la Mwanaheri, amemshika kwa nguvu zote.

Nikafungua kiganja. Tope likaanguka majini.

Makapi ya mpunga yaliyokuwa yanapanda na maji yalisimama. Yakazunguka kidogo, kisha yakaanza kurudi baharini. Maji yalikuwa yamegeuka. Farasi akainua kwato moja, akaishusha, akainua nyingine. Nikafahamu kwamba naye tope hataki kuligusa. Hakuwa na muda wa kutusubiri.

"Muzdalifa, shuka," ikasema sauti juu yetu. "Nafasi hiyo ni yangu."

Mama alikuwa ametoka nje mpaka kwenye ngazi. Ameshika nguzo kwa mkono mmoja, mguu mmoja anautafuta mgongo wa farasi.

Nikamwambia arudi ndani. Nikamkumbusha kwamba kule hakuna sala, kasikia mwenyewe.

"Kama hakuna anayehesabu vipindi, nitawahesabia mimi," akasema. "Huyu nilimzaa mimi. Wewe tunza wako."

Mwanaheri alikuwa amegeuka. Akamwambia ukweli, na kwa hilo namshukuru. Akamwambia kule mtu hubaki alivyofika. Hatarudi ujanani. Miguu itauma hivihivi, milele.

"Nimeizoea," mama akajibu.

Mwanaheri akanyoosha mkono, ule wenye kidole kile, akamshika mama yake. Akageuza uso, akamwambia Muzdalifa ampishe bibi yake. Muzdalifa hakufumbua macho. Alisema hawezi kurudi kule darasani. Alisema mara mbili, kwa kunong'ona.

Basi nikamwambia jambo ambalo lilipaswa kusemwa tangu tukiwa nyumbani Kibiti.

"Hurudi. Sikurudishi shule ile. Niliposema video haimuui mtu nilikuwa nasema tu, Muzda. Ilikuwa inakuua, na mimi nilikuwepo."

Akafumbua macho. Akanitazama, na sikuweza kusoma kilichomo. Labda ni mama ninayeweza kusoma udongo peke yake.

Farasi akageuka.

Mguu wa mama ukateleza kwenye kipandio. Nikamdaka kiunoni kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nikakidaka kifundo cha mguu wa Muzdalifa, yote kwa pigo moja, bila kufikiri. Mama alikuwa hewani, nusu yake kwangu, nusu yake kwa Mwanaheri aliyekuwa akimvuta. Muzdalifa alikuwa juu, mguu wake kwangu na mwili wake kwa farasi. Na farasi akaanza kutembea.

Nilijaribu kuzuia. Tope lilinishika magoti, lakini yule mnyama alinivuta nalo. Maji yakanifika kifuani, kisha yakawa yanapungua, na chini ya kwato niliona tope linaanza kung'aa. Mgongo ule una nafasi ya watu wawili. Nikiwashika wote, tutaanguka wote, na Mwanaheri ataanguka nasi, juu ya udongo.

"Niachie, Rukaiya," mama akasema sikioni mwangu. Alisema kwa upole, kama anayeniomba nimpishe mlangoni.

"Niachie, mama," akasema Muzdalifa.

Mguu wake ulikuwa unapiga kiganjani mwangu. Mtu akitaka kushuka kwenye farasi anauhitaji mguu wake. Na mtu akitaka kwenda, anauhitaji vilevile. Nilimtazama usoni nipate kujua, na nywele alizosukwa na dada yangu zikawa zimemfunika macho.

Nikaachia mkono mmoja; ni upi, nitawaambia wiki ijayo.